Nesi Aliyemuuliza Mdogo Wangu

Siku ile niliingia kituo cha afya nikiwa na hasira tayari. Mdogo wangu, binti wa miaka kumi na sita, alikuwa anaumwa kichwa mwezi wa pili sasa. Zahanati tulishakwenda mara tatu, na mara zote tatu tukapewa dawa za maumivu na kuambiwa anywe maji mengi. Maji! Mtoto halali, chakula anakizungusha tu kwenye sahani, halafu maji.

Alikuja kwangu mjini, Kalangalala, kutoka kijijini, upande wa Shinyanga, alipoacha shule, anisaidie kulea mwanangu. Kiswahili anakijua, ila akiogopa kinamkimbia, anabaki na Kisukuma. Kwa hiyo mbele ya wakubwa mimi ndiye nilikuwa namsemea. Kwetu ndivyo ilivyo, mkubwa akiwepo mdogo hajijibii.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mnene, hana haraka. Akapima joto, akapima presha, akaandika. Halafu, kwa sauti ileile ya kuulizia homa, akasema, "Kila kijana anayeingia hapa namuuliza hili, hata aliyekuja na kidonda cha mguu. Muulize kama wiki hizi amewahi kutamani kufa, au kuwaza kujiua."

Damu ilinipanda. Neno lile nyumbani kwetu halitamkwi. Ukilitaja mbele ya mtoto, ni kama umekiita kifo chenyewe. Mwanangu alikuwa mgongoni, wa miezi minane, nikajikuta nimemvutia kanga masikioni. Nikamgeukia mdogo wangu, nikamwambia kwa Kisukuma kwamba nesi anauliza kama anakula vizuri.

"Ninakula," akajibu.

"Anasema hapana, hajawahi," nikamwambia nesi.

Nesi akaweka kalamu chini. Akaniita mama, kwa Kisukuma safi kuliko changu, "Mayu, mimi sikuuliza chakula."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Mdogo wangu akacheka kidogo, puani. Kicheko chake nilikuwa nimeshakisahau.

"Tupishe," nesi akasema.

"Niwapishe? Huyu ni mdogo wangu!"

"Ndiyo maana. Ukiwepo atakupa heshima. Mimi heshima siitaki, nataka jibu."

Nikatoka nikiwa nafoka. Kwenye benchi nikawatangazia watu wa foleni kwamba mle ndani kuna nesi anawafundisha watoto kufa. Mama mmoja akaguna, "Mwenzangu, wangu alimuuliza wiki iliyopita. Kaa kimya usubiri." Nikakaa. Dirishani nilimwona nesi amehamisha kiti chake, ameacha meza, amekaa ubavuni kwa mdogo wangu. Hakuandika kitu. Foleni inanung'unika, yeye ametulia kana kwamba duniani kuna mgonjwa mmoja tu.

Aliponiita, mdogo wangu alisema mwenyewe, "Dada, nimemwambia ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

Tangu mvua za kwanza! Ukuta mmoja unatutenganisha. Nilikuwa nimempeleka kwenye maombi, nimemchemshia mizizi, nimemwita mvivu mbele ya majirani. Mwanamke huyu asiyemjua ameuliza swali moja, wazi, na mtoto akafungua kilichokuwa kimejificha miezi yote ile. Mume wangu hushuka kwenye mashimo ya dhahabu na watu humsifu kwa ujasiri. Lakini ujasiri kama wa nesi huyu nilikuwa sijauona. Hakushtuka, hakukemea. Alikuwa ameshampigia simu mtaalamu wa afya ya akili wa hospitali kubwa, naye angetusubiri mchana uleule. Akaniagiza vitu vyote vya hatari nyumbani niviweke chini ya kufuli, na mdogo wangu asiachwe peke yake.

"Na wewe utakuwa unamuuliza," akasema. "Jaribu sasa hivi, nikusikie."

"Mimi?"

"Kwani hapa kuna dada mwingine?"

Nikafungua mdomo. "Wiki hii umewahi... unajisikia ku... ulikula..."

"Dada! Chakula tena?" mdogo wangu akasema, na nesi akacheka mpaka akashika tumbo.

Nikaanza upya, kwa Kisukuma, nikalisema lote mpaka mwisho. Nilingoja kitu kianguke. Hakikuanguka. Mdogo wangu aliniangalia usoni, akaanza kujibu, na jibu lilikuwa refu. Nikamshusha mtoto mgongoni, nikakaa sakafuni miguuni pa mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza sikumsemea.