Utepe Mweupe Ndani ya Kabati la Seva

Kwetu mtu akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, huondoka. Hasukumi mlango, hachungulii dirishani. Adabu hiyo nilifunzwa na mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, na kwa adabu hiyo hiyo nilimfukuza mlangoni kwangu. Nayasema haya mapema ili mtu asinionee huruma kabla hajanisikiliza.

Mjomba alikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja ya Diani, miaka mingi kabla sijaingia mimi. Ndiye aliyenilea kijijini kwake Munje mama alipofariki. Ndiye aliyenifundisha alif na be juu ya ubao, kabla shule haijanifundisha herufi zake. Na nilipomaliza chuo, ndiye aliyesimama mbele ya meneja wa wakati ule akamwambia, "Mpwa wangu amesomea kompyuta, mjaribuni." Wakanijaribu, nikakabidhiwa seva. Ni kompyuta ya Linux isiyo hata na skrini yake, imefungiwa ndani ya kabati la chuma katika chumba kidogo nyuma ya jiko, na mtandao wa hoteli nzima unapita humo. Ufunguo wa chumba kile tulikuwa nao watu wawili tu: mimi kwa ajili ya seva, na mjomba kwa ajili ya umeme.

Adui wa chumba kile ni hewa ya chumvi. Chuma cha mwaka mmoja kinaliwa na kutu mpaka utadhani kimezikwa. Mjomba alikuwa akifuta, akikaza, akibadilisha nyaya, na kila kazi iliyofanyika mle ndani aliiandika, iwe yake iwe yangu. Herufi za shule hazikumkaa mkononi. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya wino mzito, juu ya vipande vya utepe mweupe alivyovibandika upande wa ndani wa mlango wa kabati. Kila kipande kilianza na Bismillahi. Wafanyakazi waliotoka bara walishikilia kwamba ni hirizi. Walimtania, "Mzee, hii dawa yako ya Wi-Fi inafanya kazi kweli?" Naye akiwajibu, "Isingefanya, mpira wa jana ungeutazamia wapi?" Wakicheka wote.

Mimi niliyejua kuzisoma herufi zile sikuzisoma hata siku moja. Niliona Bismillahi juu, nikasema ni dua za mzee, basi.

Ramadhani ya mwaka ule kadi ya mtandao ya seva ilikufa. Kadi ni kile kipande kinachochomekwa waya, nacho kilikuwa kimeliwa na kutu. Nilichomeka nyingine kwenye tundu la pembeni. Linux, programu inayoiendesha mashine ile, huipa kila kadi jina lake kufuatana na tundu ilimokaa, kwa hiyo kadi mpya ilikuja na jina jipya. Nikaliandika jina hilo kwenye faili la mtandao, wageni wakarudi hewani, nikashusha pumzi. Alasiri ilikuwa inakwisha. Nilirukia tuk-tuk niwahi kufuturu, nikamwacha mjomba akifunga kabati.

Kila Jumatatu asubuhi seva ile ilikuwa ikimtumia meneja ripoti ya Jumamosi na Jumapili, siku za wageni wengi: jengo hili limetumia mtandao kiasi hiki, jengo lile kiasi kile. Meneja huyu alikuwa mpya, na wageni walikuwa wakilalamika kwamba mtandao unakwenda kwa kujivuta. Alishaamini kuna mfanyakazi anayeunyonya, na alikuwa akiingoja ripoti ile imwonyeshe ni nani. Jumatatu ilipofika, ripoti ilikuja tupu. Vichwa vya safu vilikuwepo, saa zilikuwepo, chini yake hapana hata tarakimu moja.

"Hii ni nini sasa?" akaniuliza, akiwa amenigeuzia simu yake.

Nilikwenda kukaa mbele ya seva na kompyuta yangu ya mapajani. Nikaikagua programu inayokusanya hesabu za mtandao: iko hai, inaendesha. Diski haijajaa. Saa ya mashine iko sawa. Ruhusa za mafaili ni zile zile. Nikaizima programu, nikaiwasha. Kimya. Wallahi hakuna kitu kinachoudhi kama mashine inayokwambia mimi mzima huku huoni inachofanya. Siku ya pili nikaiitisha ripoti tena, tupu. Siku ya tatu, tupu. Nilikuwa nimefunga, kichwa kinagonga, na meneja anakuja mlangoni kila saa kunitazama kama mtu anayengoja chapati.

Siku ya nne alikuja na mkuu wa walinzi. Mjomba alikuwa mle ndani, juu ya ngazi, akibadilisha taa. Akanisikia nikieleza kwamba nimekagua kila kitu. Akasema kutoka kule juu, kwa upole tu, "Mwanangu, hebu jikague na wewe. Nini ulichokibadilisha mwisho?"

Mbele ya watu! Mimi niliyekwenda chuo, mimi niliye na cheti ukutani, nasahihishwa na fundi wa balbu mbele ya meneja. Damu ilinipanda. Nikamgeukia meneja, naye akaniuliza swali moja: ripoti inaweza kuwa tupu yenyewe, bila ya mtu kuigusa?

"Haiwezi," nikasema. "Kuna mtu ameigusa."

Nililisema neno lile nikijua funguo ni mbili. Sikumtaja mtu, la. Sikuhitaji. Meneja alizitazama zile tepe kwenye mlango wa kabati, akaniuliza ni kitu gani. Nikazitupia jicho, nikaiona Bismillahi, nikasema, "Mimi sijui, ni mambo yake." Mjomba alishuka kwenye ngazi pole pole, akaikunja.

Wiki ile ile walimwambia apumzike. Alirudisha ufunguo, akaziosha koleo zake, akazifunga ndani ya kikoi. Sikutoka kumuaga. Nilijitia niko kwenye simu.

Siku mbili baadaye, adhuhuri, nikiwa nyumbani kwangu Ukunda, nilisikia hodi. Sauti ya mjomba naijua hata ikiwa chini ya maji.

"Hodi."

Nilikuwa nimekaa kitandani, mlango hatua nne kutoka miguuni pangu. Nilidhani amekuja kunilaumu, nami nilikuwa bado na hasira yangu, naipakata.

"Hodi humu."

Nikabana pumzi. Ebo, mtu mzima mimi, nabana pumzi kama mtoto aliyeiba sukari!

"Hodi wenyewe."

Akangoja. Kisha nikazisikia ndara zake zikishuka kwenye changarawe, bila haraka, mpaka nisizisikie tena.

Baada ya Idi niliing'oa ile programu yote, nikaiweka upya kutoka mwanzo. Jumatatu iliyofuata ripoti ikaja imejaa tarakimu tele. Hotelini kila mtu akasema, umeona? Mzee kaondoka, ripoti imerudi. Na ripoti yenyewe ilionyesha nini? Kwamba mtandao ulikuwa ukiliwa na kamera za ulinzi za hoteli, zilizokuwa zikipeleka picha zao nje mchana kutwa. Hapakuwa na mwizi. Meneja alicheka, akazirekebisha, wageni wakatulia.

Hapo ndipo ningalitia akili. Kama hapakuwa na wizi, mjomba angefuta ripoti ili afiche nini? Swali hilo lilinijia, wallahi lilinijia, nikalimeza. Nikajiambia labda alibonyeza kitu bila kujua. Nikajiambia nitakwenda Munje mwezi ukiandama. Mwezi uliandama, na mwingine ukaandama.

Kisha mkewe akanipigia simu. Mjomba ameanguka shambani, amepooza upande wa kulia na kauli imekwenda. Walikuwa wamemfikisha hospitali Msambweni na wakarudishwa naye nyumbani. Nikasema inna lillahi, nikasema nitakuja, kazi imenibana kidogo. Kazi gani? Nilikuwa naona haya, na haya nikaiita kazi.

Karibu na mwisho wa mwaka, mlango wa lile kabati ulikatika bawaba kwa kutu. Likaletwa kabati jipya, nikaambiwa niutoe mlango wa zamani utupwe. Niliuegemeza ukutani, nje, kwenye mwanga. Tepe zilikuwa zimeanza kubanduka pembeni. Nikaushika ule wa chini kabisa nimalizie kuubandua, na macho yangu, bila ya kuyaomba, yakasoma.

Bismillahi. Alhamisi, Ramadhani, alasiri. Mwanangu ametia kadi mpya ya mtandao, tundu la pili. Jina lake limebadilika. Kumkumbusha Jumamosi aandike jina jipya na kwenye ile ya ripoti.

Nikaketi pale pale chini, juu ya saruji. Jumamosi ile sikufika kazini, na tangu Jumatatu sikumpa mtu nafasi ya kunisemesha.

Nilikuwa nimemweleza mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, siku nilipoiweka ile programu ya ripoti. Nilimwambia, mjomba, hii inaisikiliza kadi moja tu, kwa jina, nimeiandikia mimi jina hilo. Yeye aliyashika maneno hayo. Mimi nikayasahau. Nilibadilisha jina mahali pamoja, nikakimbilia futari, na programu ikabaki ikiisikiliza kadi iliyokwisha tupwa. Ndiyo maana ilikuwa nzima. Ndiyo maana haikuandika kitu. Nilipoiweka upya, yenyewe iliitafuta kadi iliyopo, ikaipata, na mimi nikachukua sifa. Nilikwenda kulifungua faili la zamani kwenye akiba, nikalikuta jina la kadi iliyokufa, nimeliandika mimi kwa mkono wangu. Mjomba hakukosea hata herufi moja.

Zile tepe nyingine nilizisoma zote siku ile. Hapakuwa na dua hata moja. Waya fulani umebadilishwa, feni imetiwa mafuta, mwanangu ameongeza diski, mwanangu amefanya kazi nzuri leo. Miaka yote ile alikuwa akiandika mwanangu, mwanangu, na mimi napita hapo nikitafuta bisibisi.

Meneja nilimweleza ukweli nikiwa nimesimama. Alinitazama, akasema pole, ni mambo ya kawaida ya mashine. Nikamwambia si ya mashine, ni yangu, na nataka barua ya kumsafisha mzee. Sitamnyima haki yake, aliiandika siku hiyo hiyo, akatia na mhuri.

Ijumaa nilishuka Munje na barua na utepe ule. Mkewe alinipokea, hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alinipa maji, akaniambia, "Alikuja kwako siku ile akwambie habari ya kadi. Alisema ukiijua wewe kwanza utakwenda kuisema mwenyewe, usiaibike mbele ya wakubwa wako wa kazi. Aliporudi nikamuuliza, umemkuta? Akaniambia hayupo." Akakipokea kikombe changu. "Nikamwambia labda alikuwa amelala. Akasema, malapa yake nimeyaona mlangoni. Lakini hayupo."

Nililia, sikuona haya ya kulia.

Mjomba alikuwa amelazwa ubavu juu ya kitanda cha kamba, amegeukia mlango. Nikampa shikamoo, nikamshika ule mkono ulio hai, nikambusu. Nikamsomea barua. Nikamsomea utepe wake, neno kwa neno, na nilipofika kwenye "mwanangu" ikabidi nianze upya. Nikamwambia, mjomba, nilikuwemo ndani. Nilizisikia hodi zako zote tatu. Niwie radhi.

Akanitazama. Midomo ilicheza. Katika jicho lake la kulia likatoka chozi, nikaruka kwa furaha, nikamwita mkewe aje aone, mjomba analia, amenielewa. Mkewe akalifuta lile chozi kwa ncha ya leso.

"Jicho hili hutoka machozi mchana kutwa," akaniambia. "Daktari alisema ni ule ugonjwa."

Nimekuwa nikienda kila Ijumaa tangu siku ile. Humwosha miguu, humkata kucha, humweleza mambo ya seva. Ananitazama vizuri, lakini mimi siwezi kujua kama ananitazama mimi au anautazama mlango. Radhi ni neno la kutamkwa, na yeye hana kauli. Shehe wa pale kijijini ameniambia nisikate tamaa, Mungu anaijua nia, nami nimemwitikia inshallah. Lakini si Mungu peke yake niliyemkosea.

Nikifika uani huvua malapa yangu mlangoni. Napiga hodi ya kwanza, mkewe huniitikia kutoka jikoni, karibu mwanangu, pita. Sipiti. Napiga ya pili, napiga ya tatu, nasimama pale nikiusikiliza upande wa kile kitanda.