Yule Aliyetupisha Njia

Wakati wa korona, mgahawa nilimokuwa nikipika huku ughaibuni, karibu na stesheni ya treni ya Midi, ulifungwa, nami nikageuka mtu wa dirishani. Nilikuwa nikiishi Saint-Gilles, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba vya kupanga, na kutwa nzima nilitazama mtaa usio na kitu. Magari yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili, vumbi likiyakalia. Tramu ilisikika mbali, ikipita tupu.

Chini yangu aliishi mama mmoja mjane kutoka Bukavu. Nyumba nzima tulimwita maman. Kabla tu ya amri ya kukaa ndani alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari alimwonya kwamba asipotembea kila siku, mguu utakakamaa. Aliyekuwa akimtembeza ni binti yake, ila binti huyo alikuwa akihudumia wazee kule Evere, katika nyumba ambayo ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Akaacha kuja. Jioni moja alinipigia simu.

"Tonton, nakuomba," alisema, akiniita mjomba, "unitembezee maman. Mimi nikimukaribia nitamuua."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nami nilihitaji sababu ya kuvaa viatu.

Siku ya kwanza tulikwama hapo hapo mlangoni. Njia ya waenda kwa miguu katika mtaa wetu ni nyembamba, mawe yake yamenyanyuliwa na mizizi ya miti, na ilikuwa siku ya taka, mifuko imerundikwa mbele ya kila nyumba. Mwanamke mmoja alikuwa akija na mbwa. Alituona, akasimama. Nasi tukasimama. Hakuna ambaye angeweza kumpita mwenzake bila kugusana mabega, na siku zile mtu akikukaribia kiasi hicho ulimwogopa kama ameshika kisu.

Maman akaitazama barabara. "Bon," akasema. "Tushuke kule katikati."

"Kwenye magari, maman?"

"Magari gani? Weye unaona gari?"

Tukashuka. Mwanamke wa mbwa akaweka mkono kifuani kushukuru, akapita. Toka siku hiyo tulitembea barabarani, maman mbele na mkongojo wake, mimi nyuma yake kidogo, kama mlinzi wa mtu mkubwa.

Barabara haikuwa tupu kabisa. Kulikuwa na gari dogo la mikate, na dereva wake mzee mwenye ndevu nyeupe. Mara ya kwanza alitukuta mahali ambapo magari yameegeshwa yakibanana, hatuna pa kuchepukia. Hakupiga honi. Alitufuata taratibu mpaka mwisho wa safu ile, nasi tukijikongoja mbele yake. Maman aliona haya mno. "Tunamuchelewesha huyu papa wa watu," alinung'unika. Tulipopata upenyo na kujibanza, yule mzee alishusha kioo akasema kwa Kifaransa, "Polepole, mama. Mikate haikimbii." Maman alicheka mpaka akashika ubavu. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Na kulikuwa na msichana wa baiskeli. Alivaa koti la mvua la njano hata siku za jua, na kofia ngumu kichwani. Akiwa bado mbali aligonga kengele kidogo tu, ili tusishtuke, kisha akahamia upande wa pili kabisa wa barabara na kutupita kwa mbali. "Bonjour, madame!" Maman alisimama kila mara, akageuka mwili mzima kwa sababu ya nyonga, na kumjibu kwa Kiswahili, "Asante, mwanangu." Hatukujua alikokuwa akienda. Maman alikwishampangia kazi: alikuwa infirmière, muuguzi, anaenda kuokoa watu. Nilipomuuliza amejuaje, alinitazama kana kwamba mimi ni mpumbavu. "Muntu mwenye adabu vile angefanya kazi gani ingine?"

Yeye mwenyewe alikuwa mkali kwa mambo ya adabu. Siku moja nilikuwa katikati ya barabara nikiongea na simu, akanichapa mguuni na mkongojo. "Papa, hii njia ni ya batu yote. Sogea, mwenzako asiombe."

Aliyekuwa kwenye simu ni mke wangu, aliyebaki Dodoma. Nilikuwa namweleza kwamba huku watu wamekuwa watu. Kwamba mwenye gari anamngoja mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli anamngoja bibi kizee, bila polisi, bila kibao. Nilikuwa na furaha kama nimepata uraia. Mke wangu akanisikiliza, halafu akasema, "Ngoja magari yarudi."

Mabaya hayakungoja magari yote yarudi. Mchana, kutoka barabara kubwa, tulianza kusikia injini zikivuma. Kuna waliouona mji mtupu wakaona ni nafasi ya kukanyaga mafuta. Tulisikia sauti tu, zikija na kupotea. Nilimwambia maman labda tupunguze kutoka. Alisema mtaa wetu ni mdogo, nani atakuja kushindana mbio hapa?

Siku yenyewe kulikuwa na jua zuri. Tulikuwa tunarudi nyumbani, tumefika pale penye magari yaliyobanana. Kengele ikalia nyuma yetu. Maman akasimama kama kawaida yake na kuanza kugeuka, na katika kugeuka akayumba. Nilimshika mkono. Msichana aliona maman anayumba, akachepuka zaidi kuliko siku zote, akatuachia barabara karibu yote. Nililisikia gari moja kabla sijaliona. Lilitokea kwenye kona nyuma yake, likataka kutupita sote kwa mkupuo, na likamgonga gurudumu la nyuma. Halikusimama. Hata taa za breki sikuziona zikiwaka.

Alilala barabarani, kofia kichwani, macho wazi. Nilipiga simu ya dharura, na Kifaransa chote nilichojifunza kwa miaka kikanitoka. Nilirudia jina la mtaa mpaka mtu wa upande wa pili akaelewa. Nilipoinua macho, maman alikuwa ameshautupa mkongojo. Alikuwa akipiga magoti, na kupiga magoti ndiko daktari alikokuwa amemkataza kabisa.

"Maman, usimguse! Ugonjwa!"

"Nyamaza," aliniambia.

Alivua kitenge alichojitanda mabegani akamfunika nacho, kisha akamshika mkono, mkono mtupu. Barakoa ilikuwa imemshuka kidevuni. Msichana alimtazama kwa muda mrefu, kama anatafuta amemwona wapi. Kisha akauliza kwa Kifaransa, sauti ndogo sana, "Sikukugusa, mama?"

"Hapana, mwanangu. Haukunigusa."

Watu wa ambulensi walifika pamoja na polisi. Walimchukua pamoja na kitenge. Nilimuuliza polisi anapelekwa hospitali gani. Akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema si mtu wake, tulikuwa tunasalimiana tu. Akaniambia basi hawezi kunijibu. Baiskeli waliiegemeza ukutani. Ilikaa hapo siku kadhaa, gurudumu limepinda, kisha sikuiona tena.

Maman hakutoka tena. Nilishuka kila asubuhi, nikabisha, nikamkuta amekaa kitini na nguo za kulalia. Kutoka dirishani kwangu nilimwona mzee wa mikate akipunguza mwendo mahali pale, akitazama huku na huku, halafu akaenda zake. Nilimweleza maman, nikidhani itamtia moyo.

"Kama tungebaki ndani," alisema, "ule mutoto angepita tout droit, moja kwa moja, afike kwake."

"Kosa ni la mwenye gari, maman."

"Mwenye gari hakutuona. Mutoto alituona, donc, ndiyo maana akaanguka." Akageuza uso ukutani. 

Nilijaribu kutafuta habari za yule msichana. Niliuliza duka la dawa, nikauliza kwa fundi baiskeli. Wengi wanavaa koti la njano, waliniambia. Sijui kama yu hai.

Mguu wa maman ulikakamaa kama daktari alivyosema. Migahawa ikafunguliwa, nikarudi jikoni, na magari yakarudi, na honi zake. Binti yake hakuwa na la kufanya. Akamhamishia Evere, kwenye ile ile nyumba ya wazee anayofanyia kazi. Chumba chake kinatazama maegesho ya magari.

Huwa naenda kumwona Jumapili. Hatuzungumzii mtaa. Mara ya mwisho nilimwomba tutoke kidogo bustanini, nimsukume kwenye kiti cha magurudumu, jua lilikuwa limetoka.

"Kufanya nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kweli kujua.

 Nikakaa chini, nikamenya chungwa, nikamgawia nusu. Alilishika mkononi mpaka nilipoaga.