Spika Inayotaka Kujua Ulisoma Wapi

Kwa miaka kumi na tisa alisuka vichwa vya watu, na hakuna aliyewahi kuinuka kwenye kiti chake akilalamika maumivu. Ndiyo maana wakamwita Mkono Mwepesi. Chumba chake cha kusukia kilikuwa na viti vitatu vya plastiki, benchi la wanaosubiri, kioo kilichopasuka pembeni, na redio iliyofungwa kwa mpira ili betri zisidondoke. Ukizungusha kitufe, redio inaimba. Haikuwa na maswali.

Wiki moja kabla ya mkwe kuja, bintiye alipita pale akaitazama ile redio kama mtu anayetazama kidonda.

"Mama, tafuta kitu cha kisasa. Mama mkwe anakuja Jumamosi umsuke, anataka kukujua kabla ya harusi." Akaanza kuchezea mkufu wake. "Na jambo jingine. Nimewaambia ulimaliza darasa la saba. Usije ukaniangusha, tafadhali."

Mkono Mwepesi hakuuliza kwa nini. Kaka yake alipelekwa shule, yeye akaachiwa jiko na wadogo. Hilo lilikuwa la baba, na baba alishazikwa nalo. Lakini hili la sasa lilikuwa jipya: mtoto aliyesomeshwa kwa vidole hivi hivi alikuwa anamwonea haya.

"Sitakuangusha," alijibu, akaendelea kuchambua nywele za bandia.

Akanunua spika isiyo na waya, nyeusi, ya mviringo kama chungu kidogo. Muuzaji alimwambia ni ya kuwasha tu. Alipoiwasha, ikatoa taa ya buluu, ikamkodolea taa hiyo jioni nzima wala isitoe hata mguno. Asubuhi akairudisha dukani.

"Bila akaunti haiimbi, mama," muuzaji alisema bila kuinua macho. "Pakua programu kwenye simu, jaza fomu, basi."

"Mimi nimenunua spika, sikuomba kazi."

"Ndivyo kampuni inavyotaka."

"Basi chukua spika yako."

"Boksi limeshafunguliwa, hatupokei. Maelekezo yako humo ndani, soma."

Nyuma yake watu wawili walikuwa wakisubiri. Mkono Mwepesi akakitoa kile kijitabu, akakitazama kwa muda aliodhani unamtosha mtu anayesoma, akakikunja. "Haya, nimeelewa," akasema. Uso ulimwaka kwa aibu mpaka akafika kwake.

Jumamosi mkwe akaja. Alikuwa mjane mtaratibu, wa sauti ya chini, gauni lake limepigwa pasi mpaka mikono. Akaketi kitini, akasifu usafi wa chumba, akafungua nywele zake. Kwenye kiti cha pili alikaa nesi wa zahanati ya jirani, kichwa chake nusu kimesukwa, nusu kinasubiri. Muuza mitumba alikuwa ameenea benchini akisubiri zamu yake.

"Na hicho kijungu kinachowaka taa ni cha nini?" muuza mitumba akauliza. "Tunakaa kimya kama tuko msibani."

"Ni spika. Inataka akaunti," Mkono Mwepesi akasema. "Macho yangu siku hizi yananisumbua, sioni herufi ndogo."

"Lete simu nikujazie," nesi akasema. "Hizi nazijua, zimenitesa nyumbani. Yangu ilinikubali mara ya nne."

Akabonyeza, akauliza jina, akauliza tarehe ya kuzaliwa, akamtungia anwani ya barua pepe. Kisha akauliza, "Neno la siri?"

"Siri gani hiyo tunayoisikia chumba kizima?" muuza mitumba akasema, wakacheka wote, hata mkwe.

"Subiri, bado. Kuna swali la usalama, ukisahau neno la siri." Nesi akasogeza simu karibu. "Shule ya kwanza uliyosoma inaitwaje?"

Mkono Mwepesi alikuwa ameshika fungu la nywele za mkwe. Akalikaza.

"Hakuna swali lingine?"

"Hakuna. Na usipojaza haisogei mbele."

"Makubwa," muuza mitumba akasema. "Yaani mpaka ijue ulisoma wapi ndiyo ikuimbie? Kesho feni itadai cheti cha ndoa."

Walicheka tena, lakini walikuwa wanangoja. Kwenye kioo, macho ya mkwe yalikuwa juu yake, ya upole tu, ya mtu anayetaka kumjua mwenzake. Darasa alikuwa ameambiwa. Shule hakuambiwa. Katika shule za enzi zake, Mkono Mwepesi alijua moja tu kwa jina, ile ya kaka yake, naye akaitaja kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nesi akaandika. Taa ikageuka kijani, na muziki ukajaa chumba. Muuza mitumba akainuka kucheza na mfuko wake mkononi, nesi akatikisa mabega pale pale kitini. Mkwe hakutikisika.

"Marehemu mume wangu alifundisha shule hiyo miaka tisa," alisema. Alisema taratibu, muziki ukaifunika sauti yake, akamsikia mmoja tu.

Vidole vya msusi vikasimama.

"Ni ya wavulana watupu, mkwe. Mpaka leo."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake haikufika hata mlangoni. Alitamani kiti kimtoe yule mama pale, au sakafu immeze yeye.

"Alisoma kaka yangu," akasema mwishowe. "Mimi nilikuwa nampelekea chakula. Nilikuwa napitishia kwenye uzio."

"Na darasa la saba?"

"Hata la kwanza, mkwe."

Mkwe akamtazama kwenye kioo. "Kutosoma si aibu. Mama yangu mzazi hakusoma. Lakini binti yako aliniambia kwa kinywa chake, mezani kwangu, mwanangu akisikia. Nataka kujua namwingiza mtu gani nyumbani. Alikuwa anajua?"

Ukweli ulikuwa hapo, ulimini. Angeutema, angalau mara moja maishani kosa lingerudi kwa mwenyewe. Alikuwa amebeba la baba, amebeba la kaka aliyesoma akasahau hata salamu. Akamwona akilini binti yake akichezea mkufu.

"Hakujua," akasema. "Mimi ndiye niliyemdanganya tangu mdogo. Jioni nilikuwa nafungua madaftari yake, najifanya namsahihishia."

"Mtoto mzima asigundue?"

"Aliniamini. Mimi ni mama yake."

Mkwe akashusha pumzi ndefu, na mabega yake, yaliyokuwa yamekaza, yakalegea.

"Afadhali," akasema. "Afadhali ni wewe."

Benchini muuza mitumba aliuliza kama muziki unaweza kuongezwa, nesi akaongeza. Mkono Mwepesi akapitisha kitana, akagawa mstari unaofuata.

"Inamisha kichwa kidogo, mkwe," alisema, na yule mama akainamisha haraka, akabaki hivyo, macho yakikwepa kioo, hata mahali ambapo kusuka hakukuhitaji.