Mguu wa Irinda

Subira yangu ilikatika mwanangu aliponivuta nguo na kuniuliza, kwa sauti ya chini kama ya mtu aliye msikitini, "Mama, na mimi nitaponywa lini?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya maikrofoni katika studio ya kutia sauti filamu, kule Changamwe, hedifoni kichwani. Kwenye kioo mbele yangu, msichana aitwaye Irinda alikuwa ametoka tu kumulikwa na mwanga wa uchawi. Mguu wake mfupi ulinyooka, fimbo yake ikawaka moto, naye akaanza kukimbia kwenye majani huku nywele zikipepea. Sauti ya Irinda kwa Kiswahili ilikuwa mimi. Mstari wangu uliofuata ulisema, "Sasa nimekuwa mtu kamili." Na nyuma yangu, juu ya kigoda, alikuwa ameketi Rukia wangu, mwenye miaka saba na mguu mmoja mfupi tangu kuzaliwa.

Nilivua hedifoni nikaziweka mezani. Hapo ndipo nilipostaafu, na kichwani sina hata mvi moja.

Vijana wanaoanza kazi hii wameniomba niwaandikie ilivyokuwa zamani zetu. Zamani zenyewe si za mbali, lakini mambo yamegeuka upesi. Nitaandika. Mkiona maneno yana moto, mjue jiko bado halijazimwa.

Nilianzia Mtongwe, katika ukumbi wa video wa mabati, na pazia jeusi mlangoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nimeketi benchi ya nyuma. Siku hizo filamu ilikuja na lugha yake ya kigeni, na ukumbini alikuwapo mtafsiri. Huyu aliketi kando ya televisheni akiwa na maikrofoni mkono mmoja, na mkono wa pili kwenye kitasa cha sauti. Mhusika akifungua kinywa, mtafsiri hushusha sauti ya filamu na kusema yeye. Panga zikigongana, huipandisha. Kazi hiyo tuliiita kushusha na kupandisha, na ukikosea kitasa watu walikuzomea.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa imetolewa kwenye riwaya niliyoisoma shuleni, ya falme na mazimwi. Mtafsiri akasema yule mwanamke mwenye taji la miba ni mkwe wa mfalme. Nikasema si mkwe, ni mchawi wake. Akarudia mkwe. Nikarudia mchawi, safari hii ukumbi mzima ukasikia.

Mwenye Ukumbi, mzee wa pale pale Mtongwe, aligeuka. Nikamwamkia shikamoo haraka haraka, nikijua natolewa nje. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Wewe binti unayebishana na ukuta, pita mbele useme."

Nikapita. Maikrofoni ilinuka tambuu. Niliisogeza hadi kwenye midomo kwa woga, na mama mmoja wa benchi ya mbele akaniuliza, "Dada, watusimulia au watutemea mate?" Nikajifunza somo la kwanza la kazi: maikrofoni hukaa upana wa kiganja kutoka mdomoni, wala haisemeshwi usoni, husemeshwa kwa pembeni.

Somo la pili nilijipa mwenyewe. Kwenye riwaya, mchawi yule ni kizee kibogoyo aliyepinda mgongo, na uzuri wake wote uko katika ulimi. Anamtisha mfalme kwa maneno matupu. Kwenye filamu walikuwa wamemweka mwanamwali mwembamba, meno kama lulu, na maneno wamemnyang'anya. Nilimpenda sana yule kizee. Basi nikasema kwenye maikrofoni, "Jamani, huyu ni bibi kizee, hana jino hata moja. Hiyo sura ameiazima, na mwenyewe anaidai." Kisha nikamrudishia maneno yake yote ya kitabuni, huku mwanamwali akitabasamu tu kwenye kioo. Tangu hapo kila alipotokea, ukumbi ulipiga kelele, "Rudisha sura ya watu!" Walitoka wakibishana kuhusu yule kizee, si kuhusu mwanamwali.

Mwenye Ukumbi hakunisifu. Aliniambia nije tena kesho, kisha akaongeza, "Picha wamefanya wao. Lakini mtu wangu akitoka hapa, nataka awe amesikia hadithi." Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi wenye vyeti, sijapata amri nyingine iliyo wazi kama ile.

Kutoka Mtongwe nilihamia Kisauni, kwenye chumba kimoja kilichorekodi tafsiri zetu na kuziuza kwenye diski. Mkubwa wangu alikuwa mwanamke, sote tukimwita Fundi Sauti. Kuta alizitundika magodoro ya zamani ili mwangwi usirudi, na mlango aliuzibia kwa blanketi. Alinifundisha kuvuta pumzi kutoka tumboni, kunywa maji ya uvuguvugu, na kutogusa chochote cha mafuta kabla ya kurekodi, kwa sababu ulimi wa viazi karai huteleza kwenye herufi. Alikuwa na masikio ya ajabu. Ukitabasamu kwenye mstari wa msiba alijua, hata kama kakupa mgongo.

Fundi Sauti ndiye aliyenipunguzia ukali. Mimi nilikuwa nikikuta filamu imebadilisha mtu wa kitabuni, napandisha mori. Yeye aliniambia nitulie, kitabu kina nafasi ya kukaa ndani ya kichwa cha mtu, filamu inaona uso tu. Wajomba wawili wakifanywa mmoja, hakuna aliyeuawa. Safari ya msimu mzima ikikatwa ikawa wimbo mmoja, sawa. Hata tuliwahi kupata filamu iliyomfanyia hisani mtumishi ambaye kwenye riwaya hana hata jina: ikampa jina, ikampa na mama wa kumlilia. Nilikubali kwamba pale filamu ilimshinda mwandishi. Basi msinione mimi ni mtu wa kulia juu ya kila ukurasa uliochanika.

"Lakini uliza kitu kimoja," alikuwa akisema Fundi Sauti, akikunja nyaya zake. "Walichokitoa, kulikuwa na kitu kilichosimama juu yake? Ukitoa nguzo, usiseme umefagia."

Rukia alizaliwa nikiwa Kisauni. Alipoanza kutembea tuliona mguu wa kulia haufiki. Daktari alieleza, tukasikia. Watoto wa mtaani nao walieleza kwa njia yao, wakimfuata nyuma wakimwigiza. Alianza kukataa kutumwa dukani. Sikuwa na dawa ya kumpa, nilikuwa na hadithi tu. Basi mchana, nikimsuka nywele, nikaanza kumsimulia Irinda, kutoka riwaya niliyoisoma kidato cha pili mpaka jalada likabanduka.

Irinda ana mguu mfupi, anatembea kwa fimbo ya mti uliopigwa na radi. Nchi yao imefungiwa nyuma ya lango, na mlinzi wa lango ni joka kipofu. Wachawi hujibadilisha sura na sauti, wanamwiga kila mtu, na joka limeshadanganywa mara nyingi. Kitu kimoja hawawezi kukiiga, nacho ni mwendo wa Irinda: mguu mzito, mguu mwepesi, fimbo. Mwishoni, jeshi zima likiwa limeshindwa, joka linasikia mwendo ule unakuja gizani, linafungua. Hapo ndipo kilele cha kitabu kilipo. Mguu ule ndio ufunguo.

Rukia alikwenda kwa babu yake Likoni akaomba fimbo. Babu akamchongea ya mkwaju. Tukaanza kusikia mwendo wake uani: mzito, mwepesi, fimbo. Alikuwa akifika mlangoni anasimama, nami lazima ningurume kama joka kabla sijafungua. Dukani alikuwa anakwenda mwenyewe. Watoto waliokuwa wakimwigiza aliwaambia hawajui kumwiga, na akawarudisha waanze upya.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Changamwe, kwenye studio yenye kioo na milango miwili. Huko kazi ni nyingine. Kuna kulinganisha midomo: neno lako lianze mdomo wa mhusika unapofunguka na likome unapofumbwa, na herufi za kufumba kama m na b ziangukie pale midomo inapokutana. Skripti huja imepitishwa na wateja, na kila mkupuo wa kurekodi hupewa namba. Mkubwa wetu aliitwa Mwelekezi wa Sauti, mtu wa bara, mpole, anayejua kazi yake. Sina ugomvi na ujuzi wake.

Kituo cha televisheni kilipotuletea filamu ya Irinda, nililia kwa furaha. Niliomba sauti yake kabla wengine hawajasoma majina, nikapewa. Nilimwahidi Rukia atakuja kunisikia, shule zikifungwa. Filamu tuliipata vipande vipande, kama ilivyo desturi, na vipande vya mwanzo vilikuwa vizuri: Irinda na fimbo yake, mwendo wake wenyewe. Sikujua kilicho mbele. Mwelekezi alimruhusu mtoto aketi ndani mradi asikohoe. Aliingia na fimbo yake na gauni la Idi.

Sasa mnajua alichokiona.

Nilipovua hedifoni, Mwelekezi alisema kupitia spika, "Mama Rukia, mkupuo ulikuwa mzuri. Mstari mmoja tu umebaki."

Nikamwambia mstari ule siusemi. Nikamweleza joka, lango, ufunguo. Kwamba kwenye kitabu mguu haunyooki hata ukurasa wa mwisho. Akasema ameelewa, lakini picha ndiyo hiyo, mguu umepona, kila mtu atauona. Nikajitolea kubadili neno tu. Midomo ya Irinda ingebeba "Sasa nimekuwa mtu mwingine" bila kuchomoza popote. Nililijaribu kwa sauti, likaingia sawasawa. Hata yeye alilisikia.

Kisha akasema, "Wateja wamepitisha 'kamili'. Sisi hapa tunatia sauti, mama, hatutii maoni."

"Mwangalie huyo aliyeketi kigodani," nikamwambia, "umwambie wewe hilo neno. Mwambie tu, nisikie."

Aliinamisha macho kwenye mitambo yake, na siku ya pili, nilivyosikia, dada mwingine alisimama pale akausema mstari ule kwa mkupuo mmoja. Simlaumu, ana watoto wake.

Mimi nilimshika Rukia mkono tukatoka. Tulipofika barabarani niliona mkono wake wa pili mtupu. Nikamuuliza fimbo iko wapi. Akasema ameiacha mlangoni, waichome. Niliirudia, nikaileta nyumbani. Sasa imeegemea nyuma ya mlango, na uani sisikii kitu, maana mtoto amejifunza kutembea kwa kushika ukuta.

Nimekaa nyumbani nikifikiri. Wakati mwingine nausikia ule ukumbi wa Mtongwe, ukiwa umesimama kwa kelele kumdai mwanamwali sura ya watu, na natamani Irinda angeletwa kwetu pale, kwenye televisheni yenye mstari mweusi katikati. Wallahi ningeshusha kitasa nikasema, huyu anakimbia ndotoni tu, subirini aamke. Na wangesubiri. Nyinyi vijana mna mashine safi kuliko zetu, na masikio yenu yamefunzwa vizuri. Ila jueni kwamba neno mnalolilinganisha na midomo ya mtu kiooni, kuna mtu mwingine kigodani linamwingia.

Filamu bado haijaonyeshwa. Kwa hiyo sikuishia kununa. Nimekwenda kwenye kituo chenyewe, mapokezini, nikakabidhi malalamiko kwa mkono, wakayagonga muhuri mbele ya macho yangu. Niliyoandika ni haya:

Kwa Mkuu wa Vipindi.

KUH: MALALAMIKO JUU YA MSTARI MMOJA KATIKA FILAMU YA IRINDA

Mimi ndiye niliyekuwa sauti ya Irinda hadi filamu ilipomponya. Silalamiki kuhusu picha, kwa kuwa hamkuipiga nyinyi. Nalalamika kuhusu Kiswahili, kwa kuwa hicho mmekipitisha nyinyi. Mmemfanya msichana aseme kwamba kabla ya mguu kunyooka hakuwa mtu kamili. Kitabu hakisemi hivyo. Kitabu kinasema mguu ule ulifungua lango lililowashinda watu wazima wenye miguu miwili sawa. Naomba neno hilo liondolewe kabla filamu haijaonyeshwa. Nitakuja kulirekodi upya bila malipo, na neno mbadala ninalo, midomo inalikubali.

La pili, mwanangu ameniuliza ataponywa lini, na mimi sina jibu kwa sababu yeye si mgonjwa. Swali limetoka kwenye filamu yenu. Nawaomba mmjibu nyinyi, kwa maandishi. Jina lake ni Rukia. Tafadhali andikeni kwa herufi kubwa, ndiyo kwanza anajifunza kusoma.