Tulienda kutafuta bastola, tumekuta begi

Leo nimetafsiri jibu la Papa, baba yangu, dukani, na natamani ningenyamaza.

Mnanijua, hata kanisani siongei. Lakini Kiingereza cha Papa kidogo, kwa hiyo nikaenda naye kwenye duka la bunduki na vifaa vya kuvulia samaki. Alitaka bastola ya bei nafuu, isiyokwama, ya kuweka kwenye begi letu la dharura.

Begi hilo lina makaratasi yetu, nguo, na dawa za Maman. Huwa linakaa kwa Baba Mkhize, jirani wetu Mzulu. Siku watu wakija kufukuza wageni kama sisi, kwake hawataingia.

Muuzaji akauliza, "Unataka kujilinda na nani?"

"Mwambie, na majirani," Papa akasema. "Hao hao wanaotusalimia kila asubuhi."

Nikatafsiri. Tena kwa sauti, mimi huyu!

Mtu akakohoa nyuma yetu. Eish. Baba Mkhize, ameshika ndoano zake za samaki.

"Na mimi pia, mtoto wangu?"

  Papa akaangalia viatu vyake.

Baba Mkhize akalipa, akaondoka na gari lake.

Halafu muuzaji akaona karatasi ya Papa ya ukimbizi. Akasema kwa karatasi hiyo hatuwezi kupata leseni ya bastola, hata tukiwa na pesa.

Tumefika nyumbani kwa miguu. Begi letu liko mlangoni. Baba Mkhize amelirudisha, tena amelifuta vumbi.

Maman anauliza sasa tutaliweka kwa nani.

Ninyi mngemjibu nini?