Usaili wa Msimamizi wa Dawa

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja Utumishi wa shamba la maua kule Usa River hakunionyesha hata meza yangu. Aliniingiza moja kwa moja kwenye chumba cha usaili, akanipa kiti pembeni yake na kuninong'oneza, "Leo usiulize kitu. Sikiliza tu wanavyojibu swali la udhaifu."

Swali lenyewe nyinyi vijana mnalijua: una udhaifu gani kazini? Asubuhi ile wasailiwa, yaani walioitwa kuhojiwa, karibu wote walijibu kwamba wanapenda kazi kupita kiasi. Mmoja alisema udhaifu wake ni kusema ukweli mno. Meneja akampa mkono, akamshukuru, na mlango ulipofungwa akanigeukia.

"Binti, huyo hajajibu. Amejisifu."

Alinifundisha kutafuta mambo mawili: kama mtu anajijua, na kama amechukua hatua.

Baadaye nilihamishiwa shamba la mboga upande wa Nduruma, nikarudi Usa River nikiwa Afisa Utumishi, na meneja yule alipostaafu nikakalia kiti chake. Usaili ninaoukumbuka kuliko yote ulikuwa wa nafasi ya msimamizi wa dawa. Huyu ndiye anayesimamia upuliziaji wa dawa za wadudu, na ndiye anayeamua wavunaji waingie tena lini kitaluni, yaani kwenye banda la maua la nailoni. Akikosea, watu wanaumia.

Mezani nilikaa na Meneja Uzalishaji, mchapakazi kweli, mwenye sauti ya kusikika mpaka getini. Akaingia mama mmoja wa Kiarusha, Nembris. Nilimuuliza swali lile.

"Nikifokewa na mkubwa, nanywea," akasema. "Shamba nilikotoka, bosi alinifokea nifungue kitalu kabla muda wa dawa haujaisha. Nilijua ni mapema, nikafungua. Mwenzangu alianguka mle ndani, akalazwa."

Meneja Uzalishaji alifunga faili lake. "Mama, unatueleza hayo, halafu unataka tukukabidhi vitalu?"

"Ningewaficha, siku ya kufokewa mngeshtukia tu limetokea."

"Na tangu siku hiyo umefanya nini?" nikamuuliza.

"Zamani nilikuwa najaribu kueleza, machozi yananitangulia. Sasa nina maneno matatu tu: muda bado, sifungui. Nayasema na nyumbani, mume wangu akijifanya bosi, ili ulimi uzoee."

Nilicheka. Mwenzangu hakucheka. Nembris alipotoka tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye alimwona hatari. Mimi niliona hatari zaidi ni wale waliotuambia hawana udhaifu. Mwishowe alikubali shingo upande, tukamwajiri kwa kipindi cha majaribio.

Kabla hakijaisha, lori la kupeleka maua uwanja wa ndege likawa linangoja, na maua mengine bado yako kitaluni, kumepuliziwa dawa na muda haujaisha. Nikiwa ofisini nilisikia sauti ya Meneja Uzalishaji, nikatoka mbio. Wavunaji walikuwa wamesimama na mikasi yao. Nembris aliushika mlango wa kitalu kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka.

"Fungua! Ndege haimsubiri mtu!"

"Muda bado, sifungui."

"Nitakufukuza kazi leo hii!"

"Muda bado, sifungui."

Nilikwenda nikasimama kando yake. Hakuna aliyeingia. Lori liliondoka na nafasi tupu, na kwa hasara ile tulihojiwa sote.

Kesho yake Meneja Uzalishaji aliingia ofisini kwangu, akakaa bila kukaribishwa. Nilijiandaa kwa vita.

"Yule mama," akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini, "majaribio yake yameisha?"

"Bado."

"Yakatishe. Mthibitishe."

Sasa nimestaafu, na vijana hapa Ngarenaro huja tufanye mazoezi ya usaili. Juzi binti wa jirani aliniamkia, kisha akaniuliza, "Bibi, nitaje udhaifu gani ambao hautaninyima kazi?"

Nilimwambia sijawahi kuuona. Udhaifu wa kweli unaweza kukunyima kazi, na Nembris nusura akose. Mtaje ule ambao tayari umeanza kupambana nao, nikamwambia, kwa maana iko siku utakutana nao kazini, na siku hiyo hakutakuwa na jopo la kukupigia makofi.

Alifikiri sana, kisha akasema, "Basi Bibi, tuahirishe mazoezi. Sijaanza."