Sifuri za Mpima Mvua

Kila asubuhi saa tatu kamili, mama jirani yangu, mpima mvua, huvuka uwanja akiburuta kandambili na daftari kwapani. Hapa Same mawingu hutupita yakaishia milimani, na kopo lake la kupimia lina mwezi wa nne sasa halijapata tone. Hata hivyo hulifungua, akapitisha kidole ndani, akakitazama kile kidole kikavu, akaguna, ndipo akaandika sifuri. Juzi alirudi kutoka Myamba, alikokwenda kumzika dada yake. Nilimkuta ameketi kizingitini, macho mekundu, daftari limefunguka mapajani, mistari ya siku tatu za msiba ikiwa mitupu.

"Shikamoo mama, pole kwa msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Jaza sifuri ukapumzike. Ofisi ya hali ya hewa wakiona pengo watakusumbua, na Same nzima inajua haikunyesha."

"Nyie mnajua," akasema polepole. "Mimi sikuangalia."

Akaandika *haikupimwa*, mara tatu. Jua lilikuwa linachoma, angani hakuna hata wingu. Ilipotimia saa tatu akainuka, mikono magotini, akaenda kuangalia.